Mpiga kafi wa mtaa uliozama

Saa kumi na mbili asubuhi, mpiga kafi anawatahadharisha abiria wake: "Tunakunja kwa kinyozi, kaeni vizuri."

Kinyozi mwenyewe hayupo. Kibanda chake kimezama ziwani, pamoja na mashine ya kusaga na nusu ya mtaa, ila majina ya vituo watu wamebaki nayo.

"Juzi kaka mmoja mgeni aliomba nimshushe kwa kinyozi, eti anataka kunyolewa," anasema mpiga kafi, mama wa watoto wanne, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Nikamwambia, hapo utanyolewa na samaki."

Miaka tisa iliyopita alikuwa na genge la mboga kando ya ziwa hili lililo katikati ya kisiwa. Mvua kubwa zikalifurisha ziwa, na zilipokwisha, maji yaligoma kurudi. Wataalamu waliolinganisha picha za angani sasa wanayaita maji ya kudumu. Genge likaenda na maji, na mumewe, seremala, akamchongea mtumbwi.

"Nilikuwa naogopa hata beseni," anakiri. "Lakini watoto hawali woga."

Siku hizi huvusha watu kama thelathini kwa siku.

Neno hilo "kudumu" lilimshinda mtu mmoja: mama mkwe wake, anayeishi peke yake ng'ambo ya ziwa. Kwake yeye ni maji ya kupita tu. Tena alipiga marufuku mtumbwi kupita juu ya shamba lake la mihogo lililozama. Basi kila safari mkwe huyu huzunguka, abiria wakinung'unika.

"Wao wananuna njiani tu," anasema. "Mama mkwe akinuna, ananuna mwaka mzima."

Leo amekwenda kumchukua, kwa mara ya nne. Safari tatu za mwanzo alirudi na mtumbwi mtupu.

"Mama, maji yamefika jikoni. Ukuta una ufa."

"Nimeuona. Kwani mimi kipofu?"

Bibi anazunguka nyumba yake polepole, anafunga mlango, kisha anaingia mtumbwini na kukumbatia godoro lake. Karibu na shamba, mpiga kafi anaanza kukunja.

"Unakwenda wapi?"

"Nazunguka shamba lako, mama."

Bibi anayatazama maji.

"Katisha, mwanangu. Umechoka."

Mtumbwi unapita juu ya mihogo. Mpiga kafi anajifuta machozi kwa kanga, wala hajifichi.

Chumba kipya cha bibi, nyumbani kwa mwanawe, kinatazama ziwa. Seremala alitaka kukielekeza barabarani, mama yake akakataa. "Siyapi mgongo," anasema. "Nataka niyaone yakirudi."

Na yakirudi kweli, mpiga kafi atakula wapi?

"Sitakuwa na kazi," anajibu, akifunga kamba ya mtumbwi. "Lakini naomba yarudi mama akiwa bado ana nguvu za kunituma shambani."