Kucha za Kashata

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipigia simu na swali la shuleni. Mwalimu wao amewapa mjadala: je, ni haki kumtoa paka kucha ili asiharibu vitu vya nyumbani? Mjukuu huyu Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza, na alitaka neno moja tu la kuandika kwenye daftari. Nikamwambia aniache nifikiri kwanza. Yeye hana subira ya habari za Wembley, basi wacha nikusimulie wewe.

Tulifika Wembley kutoka Visiwani, miaka michache baada ya Mapinduzi: mama yangu, bibi yangu na mimi, nikiwa na miaka tisa. Tulipanga chini, vyumba viwili na jiko, katika nyumba ya Mhindi wa Mombasa aliyekuwa akisema Kiswahili kwa kasi kutushinda sisi. Juu yetu alikaa jirani wa Nairobi, mama mmoja nesi. Nyumba ilikuja na vyombo vya mwenyewe, na fahari yake ilikuwa kochi la kitambaa cha kijani. Siku ya kwanza alilipapasa mbele yetu akasema, "Mama, hii kochi angalia sana. Mke wangu alichagua mwenyewe."

Paka alijileta. Muuza samaki alikuwa akimpa Bibi vichwa vya bure, maana wateja wake wengine hawakuvitaka, na Bibi alikuwa akipara samaki uani, kajifunga kanga juu ya koti. Jumamosi moja tukamkuta paka jike kakaa kando ya beseni, kimya, na adabu zake. Rangi yake ilikuwa kahawia ya sukari iliyoungua, nikamwita Kashata. Nyumba ile ilinuka mafuta ya taa na mdalasini wa chai, na baridi ilipita chini ya mlango. Tangu aje Kashata, nilikuwa na kitu cha moto cha kulala nacho.

Nilikuwa mtoto wa kuchunguza. Nikimbonyeza kiganja kucha zilichomoza, nikimwachia zikapotea. Zinakwenda wapi? Nilizihesabu: tano tano miguu ya mbele, nne nne ya nyuma. Bibi hakuniamini, akavaa miwani akahesabu mwenyewe, tena mara mbili. Tulikaa sakafuni wote wawili, mzee na mtoto, tukibonyeza na kuachia, mpaka Kashata akachoka na sisi akaenda zake kwenye kochi.

Na kochi ndilo likawa balaa. Baridi haijesha, mkono wake mmoja ulikuwa nyuzi tupu. Mama alishona, akafunika kwa kanga, akakaa na hofu yake, kwa sababu vyumba vya watu kama sisi havikuwa vikipatikana hivi hivi. Mwisho akatoa amri: kucha zitoke, au paka atoke. Jirani wa juu ndiye aliyetuambia kuwa ipo njia. Dada yake alikuwa Marekani, na huko, alisema, madaktari wanawatoa paka kucha zisiote tena, na mambo yanaisha.

Bibi hakuona ubaya. Kila Ijumaa alitukata kucha sote juu ya gazeti, akalikunja, akaenda kuzifukia uani chini ya waridi la mwenye nyumba. "Kitu cha mwili hakitupwi ovyo," alikuwa akisema. Kwake yeye kucha ni kucha. Paka naye atakatwa zake, zitafukiwa, basi. Kilichomshangaza ni namna gani zitakataa kuota.

Tukaenda kwa daktari wa wanyama mimi na yeye, Kashata ndani ya kikapu cha sokoni. Mimi ndiye niliyemsemea Bibi Kiingereza kila mahali: posta, dukani, hospitali. Alikuwa akiniweka mkono begani na kunisukuma mbele kidogo, hiyo ndiyo alama yangu ya kuanza kusema.

Daktari alitusikiliza, kisha akaeleza taratibu. Kucha peke yake ikikatwa itaota tena. Ili isiote, lazima ukatwe mfupa wa mwisho wa kidole, na kucha itoke nao. Yeye hakupenda kazi hiyo, lakini kama hakuna njia nyingine ya paka kubaki nyumbani, tuamue.

"Kasema nini?" Bibi akauliza.

Nilielewa kila neno. Nilielewa pia kwamba nikimwambia, Kashata ataondoka.

"Kasema watazitoa tu, Bibi. Hatosikia kitu."

Bibi akaridhika. Akafungua mkoba, akatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi, akaitandaza juu ya meza ya daktari. "Mwambie zote anitilie humu, nikazizike."

Hilo nililitafsiri sawasawa. Daktari akaitazama leso, akanitazama mimi, na nadhani alifahamu. Hakusema na mimi tena. Aliinua kidole chake mwenyewe mbele ya Bibi, akakibana kwenye kiungo cha juu kwa mkono wa pili, akafanya kama anakata. Kisha kidole cha pili. Alipofika cha tatu Bibi alikuwa keshakunja leso.

Njiani hakunigombeza. Tulipokaa kwenye basi akauliza, "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukanambia vyengine."

Nililia, nikasema nilikuwa nataka abaki. Akasema, "Tumechukua paka, hatukuchukua mto wa kulalia. Akiondoka na vidole vyake, kaondoka mzima." Baadaye, akiangalia nje, akasema kwa sauti ndogo, "Mie hapa sina masikio ila yako."

Kashata alipelekwa kwa mwenye duka la mchele na unga karibu na stesheni ya Rayners Lane, aliyekuwa akisumbuliwa na panya, na kucha zile akazipokea kwa furaha. Jumamosi tatu nilikwenda kumtazama. Mara ya nne alikuwa juu ya magunia na hakushuka.

Sasa duka limekwisha, nyumba ile imebomolewa mbele na kutiwa madirisha mapya, na yule jirani amerudi Nairobi. Haki ya paka niliijua siku ile ile, kabla hajamaliza kusema daktari. Nilichokuja kukijua baadaye ni kile nilichokata mimi.

Bibi aliendelea kunipenda, kunisuka nywele, kuniwekea ukoko wa wali. Lakini kila alipokuwa na shughuli ya Kiingereza alipanda ngazi kumwita jirani. Nilingoja mkono ule begani miaka na miaka. Hata alipolazwa mara ya mwisho, na mimi mtu mzima mwenye kazi yangu, daktari alipokuja na karatasi zake Bibi aliniuliza kama jirani keshafika. Nikamwambia yuko njiani, na kweli alikuwa njiani. Akasema basi tumsubiri, nami nikavuta kiti, tukamsubiri.