Kijiti cha Udi

Dirisha la chumba cha wazazi wetu lilianza kubisha wiki ile ile tuliyomzika baba. Halikubisha kwa nguvu. Lilipiga mara mbili, likanyamaza, kisha likapiga mara moja tena, kama mtu anayeingia kwake na hataki kuamsha waliolala. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina madirisha manane, yote makongwe, na yale mengine saba hayakusema kitu. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka tisa, aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli la uji akasema, "Baba huyo," akaendelea kunywa. Mimi na ndugu yangu wa kati tulitazamana. Hakuna aliyemkanya.

Mama alikuwa ametangulia miaka saba kabla yake. Alipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, ili nyumbani awepo mtu wa kupika, kufua na kumlea mtoto. Baba hakutaka. Alinijia jikoni mara tatu akinisihi nirudi darasani, na mara ya tatu nilimjibu jibu ambalo hata leo sitaliandika. Hakunitajia shule tena. Tuliishi vizuri baada ya hapo, tulicheka, tulikula pamoja, lakini jibu lile lilibaki pale jikoni na kila mmoja wetu alikuwa akilikwepa kama mtu anavyokwepa ndoo ya maji njiani.

Baba alikuwa karani wa shehena bandarini Mbaraki. Bosi wake mgeni aliporudi kwao, alimwachia kompyuta yake ndogo, ile ya kupakata. Baba alilichukua neno hilo kama lilivyo. Aliiweka mapajani juu ya mto, mkono mmoja ukiizunguka, kama aliyepewa mtoto wa watu amshikie. Mwaka wa ugonjwa wake, kila siku baada ya swala ya alasiri, alikaa karibu na dirisha lile akibonyeza kwa vidole viwili.

"Waandika nini, baba?"

"Naandika yako wewe."

"Yangu yapi?"

"Nikimaliza utayasoma."

Hakumaliza. Na mimi sikuyasoma. Kwa miaka miwili niliipangusa vumbi, nikaifunika kwa kitambaa, na kila Alhamisi jioni nilipoifukiza kanzu yake niliiweka nayo karibu na chetezo, moshi uipitie. Nilijua ndani yake mna jibu la jibu langu. Huenda alikuwa amenisamehe, huenda la. Maadamu sikuifungua, yote mawili yalikuwa bado yawezekana.

Ndugu yangu ndiye aliyeihitaji. Alikuwa ameingia chuo hapa mjini, akisomea kompyuta, na mashine ya baba ilikuwa ya polepole mno kwa kazi alizopewa. Mimi nilikuwa nauza kanga kwenye duka moja la Biashara Street, na tajiri wangu, mzee wa Kihindi asiyependa maneno mengi, alituelekeza kwa mtu anayeuza vifaa vya kompyuta. Muuzaji yule alituuzia memori kubwa zaidi na betri mpya, akatuonyesha namna ya kuvitia: inua kipande chembamba kilicho juu ya vitufe, inua kibodi, utaona nafasi ya memori chini yake. "Hata mtoto aweza," akasema. Kabla hatujaondoka nilimuuliza mara mbili kama maandishi ya zamani yatabaki. Akasema hayatasogea.

Tulifanya kazi ile Alhamisi alasiri, juu ya meza ya kulia. Bisibisi niliishika mimi, maana mikono yangu imezoea vitu vidogo. Ndugu yangu alizipanga skrubu kwenye kisahani cha kahawa kwa mfuatano wa kutoka kwake. Nilipoinua kile kipande cha juu, kitu kikaanguka mezani upande wa kushoto. Kilikuwa kijiti cheusi, chembamba, urefu wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nilikinusa. Udi.

Nilicheka. Baba alikuwa na udi kila mahali: mfukoni, ndani ya kofia, katikati ya kurasa za vitabu. Nilidhani kilimponyoka siku moja akiwa anafukiza kikaingia mle. Chetezo kilikuwa chumbani, makaa yamekwisha kushika. Nikaenda nikakiweka juu ya makaa, nikamwombea. Moshi ulikuwa mwembamba lakini harufu yake ilijaa chumba kizima, harufu ya baba mwenyewe, ya shingo yake akitoka msikitini Ijumaa. Dirisha likabisha mara moja.

Tukatia memori, tukatia betri, tukakaza skrubu. Ndugu yangu akabonyeza swichi.

Kimya.

"Bonyeza tena."

"Nimebonyeza."

"Kwa nguvu."

"Dada, hii si kengele ya mlango."

Taa ya chaja ilikuwa inawaka kijani. Tulibadilisha plagi, tukahamia tundu jingine la umeme. Tulitoa betri mpya tukajaribu kwa chaja peke yake. Tulirudisha betri ya zamani. Tulifungua tena, tukatoa memori mpya, tukairudisha ile ya kwanza, nikaikandamiza hadi nikasikia mlio wa kukaa mahali pake. Tulizihesabu skrubu, hakuna iliyobaki kisahanini. Ilipoadhiniwa magharibi tulikuwa tumerudisha kila kitu kama alivyokiacha baba, na mashine ilikuwa baridi kama jiwe la kusagia.

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kesho yake na sahani ya mikate ya sinia. Alitukuta tumeizunguka.

"Niliwaambia," akasema kabla hajakaa. "Ndugu yangu hakupenda kushikwashikwa vitu vyake tangu yu mdogo."

"Shangazi, hii ni mashine," akasema ndugu yangu.

"Na dirisha lile je? Nalo ni mashine?"

Akakata mkate, akanipa kipande kikubwa, akaninong'oneza, "Mwache, mwanangu. Bado yuwaandika."

Muuzaji wa memori aliifungua, akaitazama muda usiozidi wa kunywa maji, akasema ubao wa ndani umeungua. Nikamwuliza kuhusu maandishi. Akasema diski ya namna ile yataka mashine ya namna ile ili isomeke, naye hana, na hajui aliye nayo. "Itie kabatini na vyombo vya arusi, dada. Itapendeza."

Siku kumi zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kwa uzito kuliko siku za msiba. Msibani kulikuwa na watu. Sasa nilikuwa nakunja kanga dukani, mteja akiniuliza bei, nami naiona mikono yangu ikiinua kile kipande cha juu. Nilirudia kila hatua kichwani. Sikupata kosa. Nyumbani dirisha lilibisha zaidi, au mimi ndiye niliyekuwa nalisikiliza zaidi. Mchana mmoja nilisimama mbele yake nikasema kwa sauti, "Nimekosa. Sema basi." Mdogo wetu alikuwa mlangoni nyuma yangu, na begi la shule mgongoni. Hakuniuliza nilikuwa nasema na nani.

Ndugu yangu alikuwa ameacha kula nasi. Nilidhani ananikasirikia, kumbe alikuwa akizunguka kutafuta fundi. Alimpata huko Makupa, mahali malori yanapoegeshwa, mtu mmoja wa Rabai aliyekuwa akitengeneza redio za madereva. Miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Kibandani kwake palikuwa na kalenda ya kanisa, na redio saba au nane zilizofunguliwa matumbo.

Hakugusa bisibisi. Alituketisha kwanza.

"Karibuni. Sasa niambieni mlichofanya. Chote. Hata kama mlipiga chafya, semeni."

Nilimweleza kila kitu isipokuwa kijiti. Sikumficha. Haikunijia kuwa kilikuwa sehemu ya mashine.

Akachukua mita yake, akagusa hapa na pale, akaguna. "Umeme wafika. Ubao mzima. Nani alisema umeungua?" Hakungoja jibu. Akainamisha uso mpaka miwani ikakaribia bawaba ya kushoto, akachokoa kwa sindano.

"Dada," akasema, "mashine yako haikufa. Yadhani imefungwa."

Akatuonyesha. Karibu na bawaba palikuwa na kipini kidogo. Kifuniko kikifungwa kinakikandamiza, na mashine inajua ni wakati wa kulala. Kikifunguliwa, springi inakisukuma juu. Lakini springi ilikuwa imekatika, na kipini kimebaki chini. Hata ungebonyeza swichi mwaka mzima, haiamki.

"Lakini hii imekatika zamani," akaendelea. "Ona, ina kutu. Mlikuwa mwaiwashaje?" Akachokoa tena. "Aa. Hapa palikuwa na kitu. Pamekwaruzwa. Kuna mtu alibana kitu chembamba, kikakiinua kipini. Fundi hodari huyo. Mlikiona?"

Niliisikia ile harufu. Katika moshi wa malori, na vumbi, na mafuta ya dizeli, niliisikia.

"Kilikuwa cha mti," nikasema.

"Kiko wapi?"

"Nilikichoma."

"Ulikichoma?"

"Kilikuwa udi. Nilikitia kwenye chetezo."

Fundi alinitazama, akamtazama ndugu yangu, akarudi kwangu. "Mashine ya nani?"

"Ya marehemu baba yetu."

"Basi umemfukizia mzee kwa spea yake mwenyewe." Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akanyamaza, akavua miwani akaifuta. "Samahani, dada. Hata mimi ningedhani ni takataka."

Alijaribu kijiti cha kiberiti, kikavunjika. Ulikuwa mti laini. Alitaka kukata waya, kisha akasema waya utagusa pasipotakiwa. "Yeye alijua. Hapa pataka mti mgumu usiokunywa unyevu. Nendeni mkatafute kama ule ule."

Kopo la udi la baba lilikuwa bado kwenye rafu ya chumba chake, juu ya dirisha. Ndugu yangu alishika kifuniko cha mashine. Mimi nilichonga kwa wembe, nikajaribu, nikapunguza, nikajaribu tena. Mdogo wetu alisimama juu ya kiti aone. Cha tatu ndicho kilichokaa. Nikabonyeza swichi, na sauti ile ikaja, ile ya diski kuanza kuzunguka, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Shangazi, aliyekuwa kitandani na tasbihi yake, alisimama.

Andiko lilikuwa moja tu. Nililisoma kwa sauti, kwa sababu sikuweza tena kulisoma peke yangu.

Lilianza: *Mwanangu mkubwa, haya ni yako, maana wewe ndiwe uliyebaki na nyumba.* Halafu hapakuwa na shule, wala jikoni, wala msamaha. Palikuwa na nyumba. Mlango wa nyuma ukivimba wakati wa mvua usiusukume, uinue kwanza. Bomba la juu nimelifunga kwa kamba ya katani, ubadilishe kamba kila mwaka. Ngazi ya tano ina msumari mmoja tu, kanyaga upande wa ukutani. Kila kitu alichokibana, alichokifunga, alichokitegemeza kwa miaka yote ile, nasi tukidhani nyumba inasimama yenyewe. Karibu na mwisho nikafika hapa: *Kompyuta hii ina kijiti cha udi karibu na bawaba ya kushoto. Usikitoe.*

Ndugu yangu alicheka mpaka akafunika uso, na hakuufunua kwa muda mrefu.

Palibaki mstari mmoja. *Dirisha la chumba chetu*, aliandika, na alama ya nukta mbili, halafu basi. Kile kialama cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzimika mbele ya nukta mbili zile, mahali alipokiacha.

Kisha nikaenda dirishani nikapapasa fremu yake, juu, chini, pembeni, nikitafuta alichokuwa amekibana pale, kamba au kijiti au kipande cha karatasi. Sikupata kitu. Labda kilianguka wiki ya msiba, watu walipokuwa wengi chumbani, na mtu akakifagia.

Tangu hapo nimerekebisha mengi katika nyumba hii, mengine kwa maagizo yake, mengine kwa akili yangu. Dirisha lile sijaligusa. Mafundi wawili wamejitolea kulikaza bure. Nimewapa kahawa, nikawashukuru, nikawaambia lina mwenyewe.