Meno Kumi na Tisa

Fundi Koili aliwadharau watu kwa mpangilio. Chini kabisa aliwaweka wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopima shaba kwa kilo kana kwamba ni viazi. Juu yao kidogo walikaa mafundi wanaotupa mota nzima na kufunga mpya kwa sababu hawajui kuisuka upya waya zake. Mahali pa peke yake, chini ya hao wote, alikaa mume wa binti yake.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesuka upya mota za pampu, za feni na za mashine za kusaga katika chumba kimoja chenye meza ya mbao iliyolowa vanishi. Wanagenzi wanne walipita mikononi mwake, na wote waliondoka bila kuaga, maana koili iliyosukwa vibaya aliikata kwa koleo mbele ya mteja, kisha akamwomba mteja radhi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Aliyedumu ni binti yake tu. Tangu shule ya msingi alikaa kando ya baba akihesabu mizunguko ya waya, mia mbili, mia tatu, bila kupotea hata mmoja. Na binti huyo mwenye kichwa kama hicho akaenda kuolewa na karani wa bima.

Fundi alimwita karani huyo Bwana Pasi, kwa ajili ya mashati yake. Mwanzoni alimwita hivyo kisogoni, baadaye hata mezani. Akamwuliza siku moja, mbele ya wageni, kama ofisini kwao wanalipwa kwa idadi ya mikunjo. Wageni walicheka. Mkwe naye alicheka kidogo, akatazama sahani yake.

Binti hakucheka. Kesho yake alifika karakanani peke yake, hata kukaa hakukaa.

"Baba, Jumapili namleta mume wangu. Ana kigari chake cha kuongozwa kwa rimoti, kile cha injini ya mafuta. Anataka kukigeuza kiwe cha umeme, na anataka mfanye pamoja. Ni yeye aliyeomba, sikumtuma."

"Mtu mzima na kigari."

"Ndiyo, na kigari. Ukimtukana tena, baba, sitamleta hapa. Na mimi mwenyewe sitakuja."

Fundi alimjua mwanawe. Hakuwa mtu wa kutishia nyau. Na fundi hakuwa na mtu mwingine wa kumtembelea karakanani. Akaahidi kwamba hatamtukana.

Jumapili Bwana Pasi alikuja na boksi, na shati lake limenyooka kama kawaida. Injini alikwishaing'oa. Alipanga mezani mota mpya isiyo na brashi, kubwa kama kopo dogo la maziwa, betri yake, na pakiti ya gia ndogo tatu: moja ya meno kumi na tatu, nyingine ya kumi na tano, ya tatu ya kumi na tisa. Moja ya hizo ilitakiwa kufungwa kwenye shafti ya mota ili iisukume gia kubwa ya kigari, yenye meno arobaini na sita.

Fundi aliigeuza mota akasoma maandishi yake. Mizunguko elfu mbili mia sita na hamsini kwa kila volti. Akaitazama betri: volti kumi na nne nukta nane. Hakuhitaji karatasi. Hiyo ni karibu mizunguko elfu arobaini kwa dakika, mota ya mbio tupu, isiyofaa kubebeshwa mzigo. Ukiipa gia ya meno mengi, kila ikiondoka itanyonya umeme mpaka waya zake ziive. Meno kumi na tatu, basi, wala si jambo la kujadiliwa. Mtoto wake angelijua hilo akiwa darasa la sita.

"Nadhani hii ya kumi na tisa," alisema mkwe, akiishika ile kubwa kwa vidole viwili. "Itakuwa na mbio zaidi. Au unaonaje, baba?"

Swali lilikuwa wazi, na mtu aliliuliza kwa unyenyekevu. Fundi aliyatazama mashavu yale yaliyonyolewa vizuri, akajisikia raha ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu. Ameahidi kutomtukana. Kumfundisha hakuahidi.

"Kigari ni chako, mkwe," alisema kwa upole. "Chagua mwenyewe."

Binti, aliyekuwa kando akipanga bisibisi na hakuyasoma maandishi ya mota, aliinua uso akatabasamu. Hakuwahi kumsikia baba yake akimpa mtu heshima ya namna hiyo. Fundi aliliona tabasamu lile na hakusema kitu. Aliifunga gia ya kumi na tisa kwa mkono wake, akaipima isikaze wala isilegee, kazi safi kama zake zote.

Jioni waliingia watatu garini wakaenda kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala, ambako wenye vigari hukutana. Bwana Pasi alikiweka chake chini, akabonyeza rimoti. Kilichomoka kama panya aliyemwagiwa maji, watu wakapiga miluzi. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Mzunguko wa tatu fundi alisikia harufu ya vanishi inayoungua, ile inayopakwa waya za mota. Aliijua kabla ya pua yoyote pale. Akakunja mikono kifuani, akangoja.

Mzunguko wa nne kigari kilisimama katikati ya kona, moshi ukapanda. Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama ndiyo umeme wenyewe huo. Bwana Pasi alikwenda kukichukua, akapiga magoti vumbini na suruali yake safi.

"Betri labda," alisema.

Hapo fundi hakuweza kujizuia. Miaka thelathini na moja ilimjaa kinywani.

"Betri gani? Kumi na tisa kwa mota ya mizunguko ile ni kuichoma kusudi. Ilitaka kumi na tatu. Hata kumi na tano ni ubishi tu."

Alisema kwa sauti, ili wenye kucheka wajue mjuzi ni nani. Kisha akamwona binti yake akimtazama.

"Umepiga hesabu saa ngapi, baba?"

Fundi alikitazama kigari.

"Hapa uwanjani hujaigusa. Hata kuinama hujainama. Umepiga hesabu saa ngapi?"

Mkwe aliinuka na kigari mikononi, akamtazama mkewe, kisha mkwewe. Alichelewa kidogo kuelewa, na alipoelewa hakukasirika. Aliona haya, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Kumi na tatu, baba?" aliuliza taratibu.

"Kumi na tatu," alisema fundi.

Walimrudisha mpaka mlangoni mwa karakana. Fundi alishuka, akasimama dirishani upande wa binti, akingoja kuambiwa watarudi Jumapili ipi.

"Ni afadhali ungemtukana," alisema binti. "Matusi yako angalau tuliyazoea."

Akamgusa mumewe begani, gari likaondoka.