Mwenye Moto wa Ufuko wa Kashuri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ungali juu ya Ziwa Kivu, Mama Nyiransengimana anashuka ngazi za mawe kuelekea ufuko wa kuogelea. Ameshika fimbo ndefu yenye kitita cha matete kinachowaka kwenye ncha. Kila ngazi anainamisha fimbo, anatazama, ndipo anashuka tena. Ngazi ya tisa moto unazimika ghafla, na hakuna upepo.

Anarudi juu, anafunga kamba nyekundu kwenye lango. "Mazuku iko chini," anasema. "Tungoje upepo iamuke."

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haionekani wala hainuki. Usiku ukitulia inajaa mabondeni, inazima moto, na anayeingia humo hulala asiamke tena.

Hapa ni Kashuri, kisiwa kidogo mbele ya kijiji cha Keshero, ambako Wazungu huja kupumzika tangu nyumba ya wageni ijengwe mwaka 1949. Zamani kilikuwa malisho ya mbuzi. Nyiransengimana, mwenye miaka arobaini na miwili, alikulia hapa.

"Papa yangu alipoteza mbuzi sita asubuhi moja, zote ndani ya shimo moja," anasimulia. "Kuanzia ile siku, moto ilitangulia, mbuzi zikafuata."

Alipoajiriwa kufagia ufuko, hakuna aliyemuuliza habari za mbuzi. Wageni kutoka pwani ya Ubelgiji walimuuliza tu maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Bado swali hilo linamchekesha.

"Hapa ziwa haifuate mwezi, inafuata mvua. Mwezi wa ine inapanda, mwezi wa munane inashuka. Kujua ile, si lazima saa."

Pasaka ya mwaka 1953, msimamizi wa nyumba ya wageni, Bwana Hilaire, aliamuru mikeka itandikwe ufukoni ili watoto tisa wa wageni wanywe chai huko mapema. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha bila upepo. Asubuhi ile moto wa Nyiransengimana ulizimika ngazini ukiwa usawa wa kiuno chake, kimo cha mtoto. Watoto walipofika, walimkuta amesimama kwenye ngazi, mikono ameitanua.

Bwana Hilaire alimwambia huo ni uchawi wa washenzi: apishe, au kazi imekwisha. Nyiransengimana ni mjane, na alikuwa na watoto wanne wanaokula kwa kazi hiyo.

"Niliogopa, sitaficha," anasema. "Nikamuambia: Bwana, kazi ni yako, chukua. Lakini batoto habatashuka. Leta taa yako, uone."

Kwa hasira, Bwana Hilaire akawasha taa ya mafuta na kuiteremsha kwa kamba. Ikazimika. Akaipandisha, akaiwasha, akaiteremsha tena. Mara ya tatu aliketi kwenye jiwe, uso umempauka, akawaita watoto warudi nyuma yake.

"Taa yake, kiberiti yake, mukono yake," anasema Nyiransengimana, akijizuia kucheka. "Sasa uchawi angesema ni ya nani?"

Leo, miaka mitatu baadaye, hakuna anayekanyaga ngazi hizo kabla Nyiransengimana hajafungua kamba, hata awe Mzungu mkubwa kiasi gani. Sheria hiyo imeandikwa, na Bwana Hilaire ndiye aliyetia sahihi. Saa tatu upepo unavuma, moto unafika mchangani ukiwaka, na kamba inafunguliwa. Wageni waliokuwa wakingoja na taulo mabegani wanampa njia apite kwanza. Anapita taratibu, kichwa juu, na ana haki.

Mwaka huu hakuomba nyongeza ya mshahara. Aliomba Jumamosi ziwe zake, akapewa. Jumamosi hii anakwenda kijiji cha Mugunga, kwenye mashimo yenye mazuku ambamo watoto huokota kuni. Atakuwa pamoja na Mukagasana, mama wa huko aliyempoteza mwanawe humo mwaka jana. Watapima kila shimo kwa moto, wasimike miti yenye kitambaa chekundu, na kuwafundisha akina mama.

"Batoto ya Wazungu nilibarudishia mama zao," anasema. "Sasa ni zamu ya betu."