Nilivyomshushia Mama Yule Sauti

Kazi yangu ilikuwa kuongea. Miaka ile ruhusa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imetoka, Songea nzima ikawa ya wafanyabiashara, hata asiye na cha kuuza alifungua duka. Mimi nilikaa kwenye banda la video pale Majengo, kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, natafsiri filamu. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilichokuwa nacho ni kile cha kumwitikia mwalimu asubuhi, na filamu zenyewe nyingi zilikuwa za Kichina. Haikunisumbua. Mchina akipiga kelele mara tatu kabla hajaruka teke, nasema anadai shamba la baba yake. Watu wanapiga makofi. Siku niliyougua malaria bosi aliwawekea filamu bila mimi, wakatoka nje wanalalamika kwamba kanda ni mbovu.

Sauti ya filamu na sauti yangu zilitoka kwenye spika moja, zikigombana unasikia mkoromo tu. Kwa hiyo nikitaka kusema namshusha wa kwenye filamu mpaka chini kabisa, halafu naanza. Nilishazoea kiasi kwamba mkono ulikuwa unashusha kabla kichwa hakijaamua. Nimewanyamazisha majambazi, wafalme na maaskari wengi sana, na hakuna aliyekuja kulalamika.

Ndipo likaja tamasha la filamu. Jina kubwa, lakini ukitazama ni gari moja, projekta moja, shuka jeupe na kijana mmoja mrefu kutoka Dar es Salaam. Yeye na wenzake walikuwa wanapiga filamu zao wenyewe na kuzunguka nazo mikoani. Alilikodi banda letu siku tatu kwa sababu lilikuwa na mabenchi, na kwa sababu lilikuwa na watu. Mimi nikapiga pasi shati. Nikawaambia jirani zangu wote kwamba naingia kwenye tamasha, wakadhani ni ngoma.

Jumapili, baada ya misa ya pili, tukafungua. Mlangoni alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, kilemba cheupe, kikapu miguuni. Nikajua ni muuza karanga.

"Shikamoo mama. Ingia basi, leo hatuumi."

"Marahaba mwanangu. Hapana, mimi nakaa hapa hapa. Watu wote watatokea mlango huu?"

"Wote, mama. Labda wafie ndani."

Akacheka kidogo, akasogeza kikapu ili asizuie njia. Mimi nikapita zangu.

Ndani palijaa. Nusu yao walikuwa vijana wa machimbo ya vito ya Tunduru, wamekuja mjini kununua mahitaji na wanasubiri lori lao la saa kumi. Hao ndio walikuwa wapenzi wangu. Wakiingia tu wanataka kujua leo nitamfanya nani mjinga.

Filamu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kabla ya ya pili yule kijana mrefu akapata habari kwamba kasha la kanda zake limefika stendi na basi. Akaniinamia sikioni.

"Hii inayofuata usiitafsiri. Iache iongee yenyewe."

Nikamwambia sawa bosi. Akaondoka.

Filamu ikaanza. Hakuna mtu anayekimbia, hakuna gari, hakuna hata mbuzi. Mama kakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, nyuma yake mahindi yamerundikwa, anatazama mbele na kuongea Kingoni taratibu. Mabenchi yakaanza kulia. Mmoja akapiga mluzi. Halafu wakaanza kuniita, mkalimani, mkalimani, wanagonga miguu chini. Nami Kingoni nakijua. Bibi yangu mzaa mama hakuniongelesha lugha nyingine mpaka anakufa. Ningenyamaza dakika moja tu ningesikia kila kitu, na nusu ya ukumbi wangesikia pia. Ila mimi nikiitwa, naitika. Mkono ukashusha.

Nikamtazama vizuri nikaona, kumbe ni yule yule wa mlangoni. Hapo ndipo nikajiona nimebahatika kweli.

"Huyu mama mmempita hapo nje," nikawaambia. "Anasema mume wa kwanza alikuwa mvivu, wa pili alikuwa mlevi, sasa anatafuta wa tatu."

Banda likalipuka. Yule mama kwenye shuka akanyoosha mkono kuonyesha kimo. Nikasema anataka mrefu kiasi hiki, asipungue. Akapitisha kidole juu ya jicho la kushoto. Nikasema awe na nyusi za kupendeza, siyo kama brashi ya viatu. Mwishoni akafuta macho kwa ncha ya khanga. Nikasema ameshachoka kulala peke yake, anayejiona anafaa akimaliza filamu akamwone mlangoni. Walicheka mpaka benchi moja likaanguka na watu wake.

Sijawahi kupata kicheko kama kile, kabla wala baada yake. Nilitoka nje nyuma yao ili nikione kinaishaje.

Mama alikuwa amesimama tayari, kikapu kakiweka pembeni, anamtazama usoni kila anayetoka. Kijana mmoja wa machimbo, mwenye kofia nyekundu, akajitokeza mbele, akapiga kifua.

"Mama, mimi hapa. Nimekuja."

Yule mama akamshika uso kwa mikono miwili. Akamvuta karibu, akamwinamisha, akamtazama juu ya jicho la kushoto. Akapapasa kwa kidole. Watu wanacheka, wengine wanajishika mbavu, na mimi nacheka nao. Halafu akamwachia taratibu kama mtu anayerudisha chombo cha watu.

"Siyo huyu," akaniambia, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Wengine bado wako ndani?"

Nikasema wameisha. Sikuelewa, ila kicheko kikawa kimenikauka.

Vijana wakakimbilia lori. Baadaye kidogo yule wa Dar akarudi na kasha begani, akauliza watu wamefurahi nini, akasimuliwa na bosi wangu ambaye bado alikuwa anafuta machozi. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniita pembeni akaniambia alichosema yule mama kwenye filamu. Kwamba ametoka kijiji cha Maposeni. Kwamba mwanawe wa pekee alikwenda Tunduru kwenye vito, ni mwaka wa tatu, hakuna barua wala salamu. Kwamba ana kimo hiki, na kovu juu ya jicho la kushoto, aliangukia jembe akiwa mdogo. Anayemjua amwambie arudi hata mikono mitupu, hadaiwi kitu. Filamu ilipigwa kwa ajili ya ukumbi kama wetu, wenye watu wa machimbo. Nikauliza kwa nini mama mwenyewe hakuingia. Akasema alimwomba, akakataa. Alisema sura yake anaijua, yeye amekuja kwa ajili ya watakaotoka.

Nikakimbilia stendi. Mbio zile sijazikimbia tena. Lori lilishaondoka.

Niliporudi mama alikuwa amekaa palepale. Akaniuliza kama watu walimwelewa. Na mimi, niliyekuwa na maneno ya kumpa kila Mchina, sikuwa na la kweli hata moja la kumpa yeye.

"Wameelewa, mama. Nimewaambia wote. Wamesema watamuulizia huko."

"Mungu akubariki mwanangu. Basi lori likirudi nami nitakuja."

Lori lilirudi Jumamosi. Nilimwona tangu mbali ameketi stendi na kilemba chake. Nikaingia nyuma ya choo cha stendi, nikakaa humo na nzi kwa muda ambao sipendi kuutaja. Halafu nikatoka. Nilifikiri nitarekebisha kwa kitu ninachokiweza. Nikapanda ubao wa lori kabla vijana hawajashuka, nikawaeleza habari ya mama, mtoto, kimo na kovu.

Wakacheka. Nikasema ni kweli. Wakacheka zaidi, mmoja akauliza kama na nyusi bado zinatakiwa. Nikarudia, sauti inatetemeka, nao wakasema leo nimezidi, leo nalia kabisa.

Mama akanivuta shati.

"Nyamaza mwanangu. Acha niulize mimi."

Akauliza kwa Kiswahili chake cha kanisani, pole pole, akipitisha kidole juu ya jicho. Hakusema kwa sauti kubwa. Kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma. Yule wa kofia nyekundu akashuka, akaivua kofia akaishika mbele yake.

Akasema anamjua. Wamechimba shimo moja tangu mvua za mwaka jana. Jumapili ile walikuja naye mjini, yeye akabaki kwenye lori analinda mizigo. Hawakupata kitu machimboni, na alikuwa anaona aibu kufika kwao hivi hivi wakati Maposeni iko pale tu. Saa kumi wao walipopanda lori, yeye alipanda gari la Njombe. Alisema anakwenda kutafuta kazi huko mbele, hakusema wapi.

Mama hakulia. Aliuliza alikuwa amevaa nini, na kama amekonda. Kijana akajibu yote, anageuzageuza kofia.

"Lakini mama," akasema, "siku ile ulinishika kabisa uso. Ungesema tu, ningekuletea nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa hapo hapo."

"Nilisema," mama akamjibu.

Hakunigeukia.