Tari Lisilofuata Wimbo

Kanisani kwetu, Mlima Gileadi, kusini mwa Chicago, kila mtu alijua kwamba Verlene Bascombe hajui kupiga tari. Kila mtu isipokuwa Verlene. Simsengenyi. Ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana tukiimba sauti ya pili bega kwa bega, na mtoto wake wa kwanza nilimdaka mimi, nesi akiwa bado anahangaika na glavu. Lakini ukweli haufichiki. Wimbo ukienda mbele, tari hubaki nyuma likifunga kamba za viatu. Wimbo ukisimama, tari ndiyo kwanza linafika, linahema.

Kazi yake ilikuwa kupika shuleni. Ana mwili mkubwa na cheko kubwa zaidi, na msiba ukikuangukia, kabla hujamaliza kulia yuko mlangoni na sufuria la mboga zilizochemshwa na mfupa wa nguruwe, na mkate wa mahindi umefungwa kwenye taulo. Nani atamwambia mtu kama huyo kwamba anaharibu ibada, na huku mdomo umejaa chakula chake?

Si kwamba hatukujaribu. Mchungaji Culpepper alihubiri Jumapili nzima juu ya kumtumikia Mungu kwa ustadi, macho kamkazia Verlene. Verlene akainuka kitini: "Waambie, Mchungaji! Wengine humu wanahitaji kusikia hayo!" Akalipiga tari kwa nguvu. Dewitt, mpiga ngoma wetu, akaamua kulificha nyuma ya kinanda. Jumapili iliyofuata Verlene akaja na jingine, pana kama sinia. "Ibilisi kaniibia lile dogo," alitutangazia, "lakini kazi ya Bwana hailali." Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao mpaka mvi zikamjaa, na tuzo yake ilikuwa kuhamishiwa benchi la nyuma.

Sasa mwaka juzi akaja mama mmoja kijana, Daktari Camille Rousselle, si daktari wa sindano, wa jumba la makumbusho la mjini. Alikuwa akiandaa maonyesho makubwa: ngoma na vinyago kutoka Afrika, na pembeni yake tarumbeta, majoho ya kwaya na kila kilichozaliwa huku baada ya watu wetu kuvushwa bahari. Katika kuchakura ghala alikuta kanda iliyorekodiwa kanisani kwetu zamani, na wanafunzi waliokuja na mashine yao. Naikumbuka siku ile. Waya wao ulikuwa mfupi, kwa hiyo kinasa sauti wakakiweka karibu na soketi ya umeme, na karibu na soketi ndipo alipokaa Verlene. Kwenye kanda hiyo sisi wengine ni kama watu wanaoimba nyumba ya tatu.

"Nani aliyepiga tari kwenye ile kanda?" Daktari Camille aliuliza baada ya ibada.

Dewitt alinitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu. Tulidhani amekuja kushtaki.

"Ni mimi, mwanangu," Verlene akasema. "Kwani vipi?"

"Mama, unajua unachokifanya wewe? Wimbo unakwenda na pigo lake, wewe unaleta la kwako linalopishana nalo. Kitu hiki kipo Afrika Magharibi. Tulidhani huku kwetu kimeshapotea!"

"Kimepotea kweli," Dewitt akaninong'oneza. "Kila Jumapili kinapotea."

Lakini mtu akishasifiwa na jumba la makumbusho, huwezi tena kumweka benchi la nyuma. Mchungaji alitangaza madhabahuni kwamba Mlima Gileadi umeitambua thamani ya Mama Verlene tangu mwanzo. Tulisema amina, tena kwa sauti. Na watu wa makumbusho walipoomba tari la zamani la kuweka ndani ya kioo, Dewitt akaenda nyuma ya kinanda, akarudi na lile dogo, buibui na vumbi juu yake. "Tulikuwa tumelihifadhi," alisema, bila hata kupepesa jicho.

"Kumbe!" Verlene akamkumbatia, machozi yakamtoka.

Mwezi mmoja kabla ya ufunguzi walitualika tukatazame. Tari lilikuwa limewekwa kati ya kinyago na ngoma ndefu, limemulikwa taa kama pete ya arusi. Chini yake wameandika: Mlinzi wa Mdundo. Pembeni ilining'inia hedifoni ya kusikilizia ile kanda. Verlene aliivaa juu ya kofia yake ya Jumapili, akatabasamu, akaanza kutikisa kichwa. Kisha kichwa kikasimama. Kisha tabasamu likaondoka.

"Ernestine," aliniita. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Huyu anayeharibu wimbo?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea. Safari hii nikaitikia kwa kichwa.

"Na mlikuwa mnanisikia?"

"Tulikuwa tukikusikia."

"Siku zote hizo, hakuna aliyefungua mdomo?"

"Ulikuwa unatuletea chakula, Verlene."

Aliomba kiti. Alikaa mbele ya tari lake mwenyewe, mkoba mapajani, huku waalikwa wengine wakimzunguka wapate kusoma maandishi. Sikuwahi kumwona mdogo vile.

Wiki ile hakulia wala hakununa. Alikwenda nyumbani kwa Dewitt na sufuria, akaliweka mezani, akasema: "Nifundishe." Dewitt alidhani ni mzaha. Lakini yule mwanamke alikuja kila jioni, akahesabu kwa mguu, akakosea, akaanza upya, mpaka majirani wa Dewitt wakagonga ukuta. Na mwisho akaweza. Uzeeni vile, akaweza.

Siku ya ufunguzi ikafika. Ukumbi umejaa watu wa glasi za mvinyo. Kwaya tukaanza, na tari likaanza nasi, papo hapo, sawasawa kama saa ya ukutani.

Basi hapo ndipo tulipoumbuka. Dewitt, ambaye maisha yake yote alikuwa akilikwepa tari la Verlene kama mtu akwepavyo dimbwi njiani, alikwepa dimbwi lisilokuwepo, akajikwaa. Sisi waimbaji tulizoea kuvuta pumzi pale tari linapochelewa. Halikuchelewa, pumzi zikatuishia. Aliyekuwa sawa ukumbi mzima alikuwa Verlene peke yake.

Walipiga makofi ya adabu. Daktari Camille akaja mbio. "Mama, umechoka? Piga kama kawaida yako."

"Hivi ndivyo sawa, mwanangu. Nimejifunza."

Yule binti aliduwaa kama mtu aliyeambiwa kinyago chake kimepakwa rangi ya nyumba. "Umejifunza?" alisema taratibu. "Huwezi... huwezi kusahau kidogo?"

Na bwana mmoja mwenye ndevu, aliyesimama nyuma yangu, akamwambia mkewe: "Huyu bibi si wa asili. Yule wa kwenye hedifoni ndiye hasa."

Jumapili iliyofuata Verlene alikuja mikono mitupu. Tuliimba. Wimbo ulinyooka kama rula, na ukawa na uhai wa rula. Ubeti wa pili Mchungaji akatusimamisha.

"Mama Verlene, tari liko wapi?"

"Nyumbani. Nimejisikia kwenye ile kanda, Mchungaji. Mmenivumilia vya kutosha."

Mchungaji alivua miwani. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia ukweli. "Tumekuvumilia, mama, sikatai. Sasa hatujui kuimba bila kuvumilia."

"Usiponikosesha, mama, mimi nakosea," Dewitt akaongeza kutoka kwenye ngoma zake.

Verlene alimtazama Dewitt, akanitazama mimi, kisha lile cheko lake likapasuka, mpaka kofia ikamwegemea sikioni. Hakuwa na tari, akapiga makofi. Yalichelewa. Na wimbo ukasimama wima.

Maonyesho yamehamia mji mwingine. Wanafunzi bado wanakuja na mashine zao, nazo waya zao siku hizi ni ndefu, lakini wanakwenda kukaa karibu naye vilevile. Shida ni moja tu, kwamba sasa Verlene anajua kupiga, na kuchelewa kumekuwa kazi. Kuna siku anajisahau, tari linaangukia pale pale panapostahili, na kwaya nzima tunageuka kumkodolea macho.

"Samahani jamani," husema, akajifuta jasho, akachelewa tena.