Vidukari wa Len Wickens

Kwa miaka mingi Len Wickens alikuwa mfunga kamba kwenye mashamba ya hopi, ule mmea wa kutambaa unaoipa bia uchungu wake, akizifunga kwenye nyaya za juu ili mmea upande. Ili kuzifikia alitembea juu ya magongo marefu aliyoyafunga miguuni, na alikuwa na mwendo wa kasi kuliko waliotembea kwa miguu yao. Mashamba ya kijijini kwao Kent, Uingereza, yalipong'olewa yakapandwa matofaa, alichukua shina moja akalipanda nyuma ya nyumba. Ukitaka kugombana naye, liseme vibaya hilo shina.

Adui yake alikuwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Kila mwisho wa Mei alivaa miwani, akageuza jani baada ya jani, akiwatafuta kando ya mishipa. Akiwakuta, anachanganya sabuni laini na maji anawaosha, kisha anapukutisha majani ya chini. Wale wadudu wekundu wenye madoa hakuwagusa, maana chakula chao ni vidukari. Lakini kila mwaka hali ilizidi. Majani yalinata kwa majimaji matamu waliyotoa, na ukungu mweusi ukapanda mpaka kwenye maua.

Kosa, alisema Len, ni la mawaridi ya Audrey Hogben, jirani yake, mjane aliyekunywa naye chai kila Jumapili. Si yalijaa vidukari, nani asiyeona? Alimwambia kwa utani, kisha kwa ukali. Mwaka juzi hopi ilipoharibika yote, alinuna. Basi Audrey, ambaye mawaridi yake yalikuwa yakishinda kwenye maonyesho ya kijiji, akachukua jembe msimu wa baridi akayang'oa yote. Len alishukuru kwa maneno mawili tu. Mtu mzima ovyo, lakini ndivyo alivyokuwa.

Mei ilipofika, vidukari walirudi tele.

Safari hii Len alisimama tu, ndoo mkononi, akamwona mmoja mwenye mabawa akitua kwenye jani. Akainua macho kutazama alikotoka. Juu ya hopi yalining'inia matawi ya mplamu wake mwenyewe, alioupanda kuzuia upepo, kama baba yake na watu wote wa hopi walivyozungushia mashamba yao. Akavuta tawi moja chini. Majani yalikuwa yamejikunja, na ndani yake walijaa vidukari wadogo wa kijani kilichofifia, walewale kabisa. Mayai yao yalikaa humo baridi yote, kwenye kinga aliyowajengea yeye. Len aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Aliitua ndoo, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Audrey. Wakati huo hopi haikumsumbua tena. Alichoogopa ni kwamba amempoteza rafiki wa pekee aliyebaki naye. Akamweleza yote bila kujitetea.

"Najua," Audrey akasema. "Wale wa kwangu walikuwa wakubwa, kijani kibichi. Wa waridi hawana habari na hopi. Nilikuletea jani ujionee, hukutaka hata kulishika."

"Sasa jirani, kama ulijua, uliyang'oa ya nini?"

Audrey alifuta mikono kwenye aproni, bila haraka.

"Ulikuwa umeacha kunisalimu, Len. Bila mawaridi naweza kuishi."